Kiguu na Njia: Maisha ya Mama Yetu na Kengele ya Kiti cha Baba

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kumsindikiza Mama, mtuwie radhi. Wasifu huu ni mrefu kidogo. Aliyelala hapa hakutulia mahali hata siku moja, na mtu wa namna hiyo huwezi kumweleza kwa mistari kumi ukaenda kunywa chai.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1955, mtoto wa nne kati ya saba wa seremala wa milango na mkewe mkunga. Bibi yetu huyo, aliyepokea watoto wa nusu ya mji, alikuwa akisema kwamba katika wote hao huyu wake ndiye pekee aliyekuja na haraka kuliko mkunga mwenyewe. Akiwa na miezi tisa alishatembea. Akiwa na miaka miwili alipotea mara tatu katika juma moja, na mara zote alikutwa amesimama mlangoni kwa watu, anawatazama wanavyokula. Babu alitaka kuweka komeo la juu kwenye kila mlango wa nyumba, na bibi akamwambia asijisumbue, atapitia dirishani.

Alianza shule Januari 1962. Mwalimu wa darasa la tatu alichoka kumwambia "keti chini", akampa kazi ya kupeleka daftari la mahudhurio ofisini, kulirudisha, kisha kulipeleka tena hata kama ofisini hawalitaki. Kwa kutembea hivyo ndivyo alivyofaulu. Aliingia sekondari ya wasichana mwaka 1970 na kumaliza 1973. Hesabu alizipenda. Fizikia hakuisoma, kwa sababu shule haikuwa na mwalimu wake. Wasichana walifundishwa kutarizi. Kitambaa alichoanza kutarizi mwaka 1971 tunacho nyumbani hadi leo. Kina nusu ya ua.

Mwaka 1975 aliajiriwa idara ya maji kama tarishi, na mwaka uliofuata akawa msoma mita, kazi aliyoifanya miaka thelathini na nne mpaka alipostaafu mwaka 2010. Jamani, ilikuwa kana kwamba kazi ile imekatwa kwa vipimo vyake. Nyumba mia moja na ishirini kwa siku, kwa miguu. Alijua mbwa wa nani anabweka tu na wa nani anauma kweli. Alijua mtaa gani bomba linavuja kabla mafundi hawajaambiwa, maana alikuwa akisoma mita ya nyumba ya juu, kisha ya chini yake, na hesabu zikikataa anarudi nyuma nyumba moja moja mpaka apate mahali maji yanapopotelea. Wenzake walimwita Mama Mita. Nyumbani aliitwa Kiguu na Njia, na aliyempa jina hilo ni mume wake.

Na huyo mume, Baba yetu aliyeketi hapa mbele, ni fundi cherehani. Mtu wa kukaa kitako kutwa nzima, hainuki mpaka nguo iishe. Walikutana mwaka 1977 Mama alipokwenda kusoma mita ya kibanda chake cha ushonaji. Mita husomwa mara moja kwa mwezi. Mwezi ule ilisomwa mara nne. Mara ya nne Baba, bila kuinua macho kwenye sindano, akamwambia, "Dada, hayo maji ninayotumia ni ya pasi tu. Kama kuna lingine, sema." Mama akasema lingine. Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 17 Desemba 1977, wakajaliwa watoto wawili: binti mkubwa, ambaye leo ni msimamizi wa ghala la dawa katika mji mwingine, na mwana wa kiume, mwoka mikate, aliyebaki jirani na wazazi.

Watu waliuliza wale wawili wanawezanaje. Waliwezana vizuri. Mama alitoka, akazunguka, akarudi na habari za mtaa mzima, na Baba akazisikiliza huku akishona. Baba alikuwa akisema hahitaji redio, alishaoa.

Februari 2015 Baba alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kwa kazi. Mama alikuwa na miaka sitini kasoro mwezi, amestaafu, ana mume wa kumwangalia na miguu isiyojua kukaa. Alijitahidi. Alimwogesha, alimlisha, alimnyoosha mkono ule mgonjwa kama alivyoelekezwa. Lakini ikifika saa nane mchana mnamwona anatembea kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, anahamisha ndoo, anairudisha, mpaka Baba mwenyewe anamwonyesha mlango kwa kidevu: "Nenda. Nenda." Naye anakwenda, dakika kumi, robo saa, anarudi uso umechangamka. Alidhani Baba anamwonea huruma.

Jumatano ya tarehe 3 Agosti 2016 alitoka kwenda kumwona jirani, Mama Pacha, aliyekuwa amejifungua. Alisema dakika kumi. Sasa pacha ni wawili, ukimpakata mmoja huwezi kumwacha mwenzake. Alikaa saa tatu. Aliporudi alimkuta Baba sakafuni, kati ya kiti chake na kabati la vyombo, mkono wa kushoto umevunjika, ule ule uliobaki mzima. Alikuwa amelala pale muda gani hakuna ajuaye. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama dari.

Hospitalini, kwenye korido, mbele ya wagonjwa na wauguzi na mwoka mikate aliyekuja na aproni yake, binti mkubwa alimwambia mama yake maneno haya: "Ungekuwa mtu wa kutulia, Baba asingeanguka. Umemuuza kwa umbea." Kisha, kwa kuwa hasira ikianza haijui pa kuishia, akaongeza: "Mwisho wa Novemba nakuja kumchukua. Ataishi kwangu. Wewe utakuja kumtembelea. Kutembea si unakujua?"

Mama alirudi nyumbani akaketi. Wanaomjua wanaelewa uzito wa jambo hilo.

Kwa wiki mbili alikaa kwenye kigoda mbele ya Baba na hakuondoka. Goti lilikuwa likimtikisika hata vikombe vya mezani vikawa vinalia. Baba akimwambia nenda, anakataa. Wiki ya tatu akasimama, akamwita mwoka mikate, akamwambia, "Mwanangu, wewe tanuri lako linazimwa saa sita. Jumanne na Alhamisi mchana utakaa na baba yako. Mimi nakwenda shule."

Alikuwa na miaka sitini na moja. Chuo cha ufundi kilikuwa na kozi fupi ya umeme wa vifaa vidogo, miezi mitatu, na darasa lilijaa vijana wanaotaka kutengeneza simu. Mwalimu wao, dada wa miaka ishirini na saba, alimuuliza kwa heshima, "Mama, umekuja kumuulizia mtoto?" Mama akasema, "Nimekuja kusoma. Nataka kifaa kipige kelele mume wangu akinyanyuka kitini."

"Si ununue kengele ya mlango, Mama? Abonyeze akikuhitaji."

"Huyo habonyezi! Miaka thelathini na tisa nipo naye, hajawahi kuita mtu. Nataka kiti ndicho kiseme."

Hapo ndipo alipokabidhiwa bredibodi. Kwa wasiokijua, ni kibao cheupe cha plastiki chenye matundu mia kadhaa, unachomeka waya na vifaa bila kulehemu, ukikosea unachomoa unaanza upya. Mwalimu anasimulia kwamba Mama alikipenda kile kibao kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Kitu kisichogandishwa! Kitu unachoweza kukihamisha kutwa! Siku ya kwanza alichomeka taa ndogo moja kwa moja kwenye betri bila rezista ya kupunguza umeme. Taa ikameta mara moja ikafa. Akasema, "Lo! Masikini, presha ya maji imempasua," akachukua nyingine. Siku ya pili aliweka miguu yote miwili ya rezista kwenye mstari mmoja wa matundu, ambao kwa ndani ni chuma kimoja, akakaa saa nzima anashangaa kwa nini rezista haizuii kitu.

Vijana walisoma umeme kwa michoro. Mama aliusoma kwa maji. Betri ilikuwa tangi, waya bomba, rezista koki iliyofungwa nusu, na transista alimwita bawabu, kwamba akisukumwa kidogo mlangoni anaachia mto mzima upite. Alipopewa mita ya kupimia umeme alicheka mpaka akashika meza. "Mita? Mwalimu, hii nikusomeshe mimi wewe."

Tatizo lake lilikuwa moja. Kitu kikifanya kazi, anakivunja. Taa ikiwaka tu, anachomoa waya zote, anaanza kwa mpango mwingine. Mwalimu alimsihi, "Mama, ikiwaka iache!" Naye akajibu, "Nikiiacha nitajuaje kama ninajua?" Septemba ikaisha. Oktoba ikaisha. Meza ya kulia chakula ilijaa waya, Baba akawa anakula kwenye mapaja, na kengele ya kiti ilikuwa imeshafanya kazi mara kumi na moja na kuvunjwa mara kumi na moja. Mwoka mikate alipiga simu kwa dada yake akasema, "Njoo na gari, huyu hatamaliza." Dada mtu akajibu kwamba alijua tangu mwanzo.

Basi, Jumamosi ya tarehe 26 Novemba 2016, saa nne asubuhi, gari la kukodi likasimama nje. Binti mkubwa akaingia na begi tupu la nguo.

Mama alikuwa tayari. Chini ya mto wa kiti cha Baba alikuwa ameweka vipande viwili vya foili ya kufungia chakula vilivyotenganishwa na sponji yenye matundu. Baba akiketi, foili zinagusana na bawabu anafunga mlango. Baba akinyanyuka, zinaachana, bawabu anafungua, na kengele ndogo yenye mlio mkali inalia mpaka arudi. Ilikuwa imefanya kazi siku nne mfululizo bila kuvunjwa, muujiza mtupu. Lakini asubuhi ile, kwa kuwa mgeni anakuja na Mama hakuweza kuketi kumsubiri, alikuwa ameamua kuipanga vizuri ipendeze. Alichomoa kila kitu akakipanga upya, vifaa vimenyooka kama nyumba za serikali.

"Haya, Baba Watoto," akasema, "nyanyuka."

Mwoka mikate akamsaidia Baba kusimama. Kimya.

"Nyanyuka tena."

Kimya. Binti mkubwa alichukua begi lake. Aliingia chumbani, akafungua kabati, na sebuleni zikasikika hanga za nguo zikigongana.

Mama alibadilisha betri. Akabadilisha bawabu. Akamtukana bawabu wa pili, akamtukana muuza duka aliyemuuzia, akamgeukia mwoka mikate aliyekuwa hana kosa lolote. Waya zikawa haziingii matunduni. Nje dereva akapiga honi. Chumbani zipu ya begi ikafungwa, na Mama alipoisikia hiyo zipu alikaa chini. Tunasema alikaa. Kwenye kigoda, mikono mapajani, miguu imetulia. Mwanawe alipomwona vile aliogopa kuliko alivyoogopa Baba alipoanguka.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Anza nyumba ya kwanza."

Akachukua mita. Pembeni mwa kile kibao kuna mistari miwili mirefu ya matundu inayogawa umeme kwa vifaa vyote. Akagusa tundu la juu kabisa. "Yapo." La pili. "Yapo." Akashuka tundu moja moja kama anavyoshuka mtaa, anataja kila nyumba, na binti mkubwa akatoka chumbani na begi mkononi akasimama anasikiliza. "Yapo. Yapo. Yapo." Alipofika katikati ya kibao, sindano ya mita ikalala. "Kavu!" Akarudi juu nyumba moja. "Yapo." Akashuka. "Kavu! Weee! Bomba limekatwa katikati ya mtaa!"

Na kweli. Vibao vingine mstari ule unakatika katikati, nusu ya juu haishikani na nusu ya chini, na kwa macho huwezi kujua. Kwa miezi mitatu Mama alikuwa amejenga nusu ya juu tu. Asubuhi ile, kwa kupenda unadhifu ghafla, akahamia nusu ya chini ambako hakukuwa na umeme kabisa. Alikata kipande cha waya kisichozidi kidole, akakichomeka kuunganisha juu na chini.

Hakuna aliyemwambia Baba anyanyuke. Baba alikuwa kitini, anamtazama binti yake na lile begi. Akaegemea fimbo kwa ule mkono uliopona juzijuzi, akajisukuma, akasimama peke yake, na kengele ikapiga ukelele uliowatoa majirani ndani. Akabaki amesimama katikati ya makelele yale na kusema neno alilolihangaikia muda mrefu:

"Si… endi."

Gari lilirudi na binti mkubwa, begi tupu na mikate minne.

Tangu siku ile Mama alipata uhuru wenye kipimo. Alivuta waya mpaka barazani, mita kumi na mbili. Mwezi uliofuata ukafika getini. Mwaka 2018 ulikuwa umevuka kwa Mama Pacha na kuishia kwa fundi viatu, na kila nyumba ilikuwa na kengele yake. Mlimwona kila siku anatembea kati ya kengele na kengele, hapiti ya mwisho. Kibao hakukilehemu kamwe, alikuwa bado anakiboresha. Wanawake wanane wa mtaa huu wamejifunza kwake kuwasha taa, kupima betri na kutengeneza kengele za wagonjwa wao, na wapo hapa leo. Baba naye aliukamata mchezo. Mgeni akizidisha mazungumzo, ananyanyuka kidogo tu, kengele inalia, Mama anaingia mbio, mgeni anaaga. Baba hakuanguka tena.

Lakini ndani ya moyo wake Mama hakutulia. Kila mwaka, tarehe tatu Agosti, hakutoka nje ya geti. Akizungumzia siku ile alikuwa akisema, "Siku nilipomwangusha baba yenu." Tulimwambia asiseme hivyo. Aliyestahili kumwambia hakumwambia.

Oktoba 2022 fundi viatu alimkuta Mama ameketi barazani kwake bila kuombwa, akampigia simu mwoka mikate papo hapo. Vipimo vilionyesha saratani ya ini, imeshasambaa. Alitibiwa, alirudi nyumbani, alirudi hospitali. Kitandani alimchosha kila muuguzi kwa kutaka kujua mashine ile inapima nini na waya ule unakwenda wapi.

Jumapili ya tarehe 18 Juni 2023 Baba aliletwa wodini kwenye kiti cha magurudumu. Binti mkubwa alikuwepo. Mama akamshika Baba mkono, akauliza swali ambalo kwa karibu miaka saba alikuwa analiogopa: "Baba Watoto, siku ile uliponyanyuka, ulikuwa unanitafuta mimi?"

Baba alitikisa kichwa. Alihangaika na neno, mate yakamtoka, Mama akamfuta.

"Su… kari."

Ilichukua karibu nusu saa kuipata hadithi yote. Daktari alikuwa amemkataza sukari tangu augue, na Mama aliificha kabatini, nyuma ya vyombo. Baba alijua. Kila Mama alipotoka, Baba alisimama, akaenda kabatini, akala vijiko viwili, akarudi kitini. Kila siku. Ndiyo maana alikuwa akimwambia nenda, nenda. Siku ya kuanguka hakuwa anamsubiri mtu. Alikuwa amemaliza cha pili, anarudi kwa kijiko cha tatu.

"Yaani ulikuwa unanifukuza!" Mama akasema. "Mimi najisifu nina mume mwenye huruma, kumbe mwizi!" Akacheka mpaka muuguzi akaja mbio. Baba naye alicheka, upande mmoja wa uso. Na kucheka kulipoisha Mama alilala chali, akavuta pumzi ndefu, na tukaona mikono yake imelala juu ya shuka, haitafuti kitu. Akageuza uso akamtazama binti yake. Hakumlaumu. Alimtazama tu, akamngoja.

Binti mkubwa akasimama akasema anakwenda kuuliza dripu itaisha saa ngapi. Akatoka. Kumbe miguu ile aliirithi.

Mama alifariki Jumatano ya tarehe 21 Juni 2023, saa nne na robo asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane. Ameacha mume, ambaye ameridhia habari ya sukari isomwe hapa, alipoulizwa aliinua kidole gumba. Ameacha mwana wa kiume na mkewe, wajukuu watano, dada zake wawili, kaka mmoja, mwalimu wake, wanafunzi wake wanane, na mtaa mzima wa wasomewa mita.

Ameacha pia binti mkubwa, ambaye ndiye amesimama mbele yenu anasoma. Baba hatahamishwa, ni binti atakayehamia kwake, kuanzia leo. Na kwa kuwa maneno ya korido yalisemwa mbele za watu, na haya nayo yasemwe mbele za watu, ingawa yamechelewa siku ambazo hazirudishwi: hukumwangusha, Mama. Hukumuuza. Nilikosea, nikajua nimekosea, nikatoka nje.

Lala sasa, Mama, kwa amani ya Mungu.